Mzigo usikae wote nyuma

Juma hili hatuzungumzi juu ya uji wa watoto wala juu ya kutengeneza sabuni. Tunazungumza juu ya kinga, yaani baiskeli. Tunajua kuna watakaosema kwamba kinga ni mambo ya wanaume. Lakini ni nani anayefunga gunia la unga juu ya kinga? Ni nani anayesimama barabarani jua likizama, akitazama kama mtoto anarudi? Ni sisi. Basi na tuizungumzie.

Kikundi chetu kina kinga moja. Tuliinunua kwa pesa za likelemba, kila mama akitoa sehemu yake, ili tulete unga wa muhogo na mchele kutoka Bonde la Ruzizi bila kulipa moto kila mara. Ilikuwa vetete ya mtumba, nyekundu, yenye vitesi vingi, na mbele ilikuwa na furshi ya amortisere, ile inayoruka juu na chini. Kwa wasiojua, furshi ni ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele na kuliunganisha na usukani. Tuliipenda kinga ile kwa sababu iling'aa. Swali moja hatukuuliza: je, imetengenezwa kubeba nini?

Tulianza kuibebesha. Gunia nyuma, juu ya portibagaji, ile ambayo ndugu zetu wa Kigoma wanaiita keria. Likifungwa la kwanza, mama mwingine analeta lake dogo, linawekwa juu ya lile kubwa. Kisha vidumu viwili vya mawese vinaning'inizwa kwenye usukani, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mtoto wa mama mmoja wetu, kijana wa miaka kumi na sita, ndiye aliyeendesha siku za Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine yuko shuleni. Alituambia mara mbili: "Bamama, mbele inacheza. Nikipanda kilima, gurudumu linataka kuinuka." Tulimjibu aende polepole.

Baadaye furshi yenyewe ikaanza kuchoka. Kutu iliingia ndani ya miguu yake, springi zikalala, mguu mmoja ukawa chini kuliko mwingine. Tukaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea. Akasema jambo rahisi: tuichomelee miguu ile isiruke tena, mambo yaishe. Bei ilikuwa ndogo. Tulimshukuru, tukaondoka tunacheka. Jumamosi ya tatu baada ya hapo, kwenye shimo la njia ya Kiliba, furshi ilikatika pembeni kabisa ya mahali palipochomelewa. Kijana hakuwa anakimbia. Alianguka kwa uso. Alipoteza meno mawili ya mbele, mdomo ukapasuka, na unga wetu ukalala matopeni. Nyuma yake hapakuwa na lori. Kwa hilo tulimshukuru Mungu.

Kikao chetu

Tulipokutana, mawazo yalikuwa matatu. Wa kwanza walisema: turudi kwa fundi mwingine, achomelee vizuri zaidi. Wa pili walisema: tuuze kinga hii, turudie kubeba kichwani kama mama zetu. Wa tatu walisema: tutafute furshi nyingine, ngumu, isiyoruka, na tufunge portibagaji mbele pia, ili mzigo ugawanyike.

Mama wa kijana alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe alisema: "Mzigo ulikuwa wetu sote. Meno ni ya mwanangu peke yake." Hakuna aliyejibu haraka. Koko mmoja, mkubwa kuliko sisi wote, ndiye aliyesema kweli ambayo wengine tulikuwa tunaizunguka: si fundi peke yake aliyekosa. Sisi ndio tuliofunga ule mzigo. Mtoto alitueleza, hatukumsikia.

Siku ile tuliamua mambo mawili. Kwanza, gharama za matibabu zitoke kwenye mfuko wa msaada wa kikundi, si mfukoni mwa mama yake. Pili, hatutachomelea furshi tena, tutaibadilisha. Mama wa kasha alipiga hesabu mbele yetu: furshi ya mtumba, gololi mpya, portibagaji ya mbele na kazi ya fundi, vyote pamoja vilikaribia pesa tunazolipa moto kwa safari nane. Tukitumia kinga kila Jumamosi, miezi miwili inatosha kurudisha pesa hiyo. Waliotaka kuuza walikubali, si kwa sababu walishindwa, bali kwa sababu walisikia hesabu.

Kwa nini furshi ya kuruka haifai kwa mzigo

Kabla ya kununua tulimwendea fundi mzee wa kinga, tukamwomba atufundishe kwanza. Haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Furshi ya amortisere imetengenezwa kwa mtu anayeruka mashimo bila mzigo. Miguu yake ni mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine. Portibagaji inahitaji kushikwa chini, karibu na ekseli ya gurudumu, na tena juu, karibu na shingo ya furshi. Kwa furshi inayoruka, chini kunasogea na juu hakusogei, kwa hiyo vyuma vya portibagaji vinavutwa na kusukumwa kila shimo mpaka vinakatika. Tena ukishika freni, mbele yote inainama, na mzigo unakimbilia mbele pamoja nayo.

Na kuchomelea je? Moto wa kuchomelea unabadilisha chuma kilicho kando ya mshono. Kwenye bomba jembamba, hapo kando panakuwa dhaifu kuliko mwanzo, hata kama mshono wenyewe ni mzuri kwa macho. Ndiyo maana yetu haikukatika kwenye mshono, ilikatika pembeni yake. Kitanda kikichomelewa kikakatika, unaanguka kwenye mkeka. Furshi ikikatika, unaanguka kwa uso, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachoshika gurudumu la mbele.

Kuchagua furshi nyingine

Sokoni tulienda na furshi ya zamani mkononi na gurudumu la mbele begani. Fundi alituambia tusiende mikono mitupu, kwa sababu furshi haipimwi kwa macho. Tuliangalia haya:

Bomba la juu. Ni lile linaloingia ndani ya fremu, chini ya usukani. Kuna jembamba lenye upana wa milimita 25 na kidogo, na kuna nene la milimita 28 na nusu. Havibadilishani. Urefu wake pia ni muhimu: bomba refu linaweza kukatwa, fupi haliongezwi. Lililo na mizunguko ya kufungia nati, hakikisha mizunguko inafika pale ambapo nati itakaa.

Urefu wa miguu. Furshi ngumu mara nyingi ni fupi kuliko ile ya kuruka. Ikiwa fupi mno, kinga inainama mbele kama mbuzi anayekula majani, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Tulipima kutoka katikati ya ekseli mpaka shingo ya furshi, tukatafuta iliyokaribia ile ya zamani wakati mtu amekalia kinga, maana springi hushuka kidogo mtu akikaa.

Gurudumu na freni. Gurudumu letu ni la 26. Furshi ya gurudumu la 28 ingeliingiza, lakini freni zisingefika kwenye ukingo wa gurudumu. Freni zetu zinafungwa kwenye vijiti viwili vilivyotoka kwenye miguu ya furshi, basi furshi mpya lazima iwe na vijiti hivyo. Furshi nzuri isiyo na pa kufunga freni ni furshi ya kuning'iniza ukutani.

Chuma chenyewe. Tulibeba sumaku ndogo tuliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma. Chuma kikichoka, mara nyingi kinapinda au kinaonyesha ufa kabla ya kukatika, kwa hiyo kinakupa nafasi ya kukiona. Tulipitisha pia kidole na kitambaa kwenye shingo na kwenye miguu, tukitafuta ufa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni alama mbaya. Rangi mpya kabisa juu ya furshi ya zamani, uliza inaficha nini.

Matundu ya portibagaji. Hili ndilo lililotuleta. Chini, karibu na ekseli, kuwe na tundu dogo kila upande, na mbele ya shingo kuwe na tundu moja. Hayo ndiyo yatakayoshika portibagaji kwa bolti. Furshi isiyo na matundu, usimruhusu mtu atoboe miguu yake. Tundu lililotobolewa baadaye ni mwanzo wa ufa.

Tulizunguka soko siku mbili kabla ya kuipata. Haikuwa nzuri kwa macho. Ni nyeusi na ina mikwaruzo. Lakini ni nzima.

Siku ya kuibadilisha

Fundi aliifanya kazi mbele yetu, nasi tulishika vyombo. Alitoa gurudumu, akafungua freni, akalegeza usukani na kuuvuta juu, kisha akafungua nati kubwa. Furshi ya zamani ikashuka polepole. Hapo mama mmoja alikuwa ameshika sahani chini, kwa sababu gololi zinadondoka, na ikipotea moja unaitafuta mchangani mpaka usiku. Gololi zetu zilikuwa zimelika, tukaweka mpya. Kuna pete ya chuma inayokaa chini ya bomba, juu ya shingo: hiyo lazima ihamishwe kutoka furshi ya zamani kwenda mpya, na ikae sawa. Wengine huisahau.

Kisha grisi. Hapa tunasema wazi, maana wengi wetu tumefanya kosa hili: mawese si grisi. Yanakauka, yanashika vumbi, na baada ya muda yanakuwa kama gundi. Nunueni grisi kidogo, itadumu.

Kujua kama nati imekazwa vizuri ni rahisi. Shika freni ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, bado imelegea. Kisha inua mbele hewani: usukani ugeuke wenyewe kwa ulaini. Ukikwama, imekazwa mno.

Portibagaji ya mbele

Hii ilitengenezwa na mchomeleaji, kwa ferabeto nyembamba ya milimita 8. Portibagaji inaweza kuchomelewa, maana ni yenyewe kwa yenyewe. Lakini haikuchomelewa kwenye furshi hata kidogo. Inashikwa kwa bolti tu, tatu: moja juu, mbili chini. Ikikatika tunaitoa, tunaitengeneza, furshi inabaki salama.

Tulimwomba aifanye iwe na masikio mawili yanayoshuka pembeni mwa gurudumu, ili vidumu vikae chini, karibu na ekseli, badala ya kukaa juu kama vile vya usukani. Mzigo ulio chini hauyumbishi mkono. Kila sikio lina chuma cha ndani kinachozuia kamba na nguo kuingia kwenye spoki. Msidharau chuma hicho. Kikwembe kikiingia kwenye gurudumu la mbele, kinga inasimama papo hapo, lakini wewe husimami.

Wenye chukudu wa Goma wanajua siri hii kitambo. Angalieni chukudu: ubao wa mzigo uko katikati, kati ya magurudumu mawili, na uzito unakaa chini. Kinga haikutengenezwa hivyo, basi sisi tunaisaidia kwa kugawa, kikubwa nyuma na kidogo mbele.

Tena kuna la kujifunza kwa watu wa mbali. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, maelfu ya watu walipeleka mchele na silaha milimani kwa baiskeli. Walifunga fimbo kwenye usukani na kuimarisha fremu, na baiskeli moja iliweza kubeba zaidi ya kilo 200. Lakini hawakuzipanda. Walitembea kando yake, wakizisukuma. Mzigo mkubwa unasukumwa, mzigo wa kadiri unaendeshwa. Mtu anayechanganya hayo mawili anacheza na meno yake.

Sheria tulizoziandika

Tuliziandika kwenye daftari la kikundi, na mama prezida akazisoma mara mbili ili asiyesoma naye azishike.

Moja: mzigo unapimwa kwa vidumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu cha lita 20 ni kilo 20. Anayeinua gunia analilinganisha na vidumu, hakisii tu. Nyuma tunaweka mwisho kilo 50, mbele mwisho kilo 15, pande mbili sawasawa.

Mbili: hakuna kitu kwenye usukani, hata mfuko wa nyanya.

Tatu: anayeendesha ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema mzigo ni mwingi, unapunguzwa, hata kama wa kupunguziwa ni mama prezida.

Nne: kwenye mteremko, shimo kubwa au matope, anashuka na kusukuma.

Tano: hakuna mtoto mgongoni wakati kuna mzigo mbele.

Sita: kila Ijumaa jioni mama wawili wanaikagua. Wanafuta shingo ya furshi kwa kitambaa na kutafuta ufa, wanakaza bolti tatu, wanashika freni na kusikiliza. Ni dakika kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwetu sisi ufa ni ufa kweli, unaonekana kwa macho.

Tulipofika

Jumamosi ya kwanza hatukumtuma kijana. Mama wawili tulioweza kuendesha tulikwenda wenyewe, na vidumu vya maji badala ya unga, ili tukianguka tumwage maji tu. Tunakiri kwamba mwanzo usukani ulikuwa mzito. Mzigo wa mbele unageuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo kona inataka mkono wa taratibu. Lakini baada ya nusu saa tulielewa kile mtoto alichokuwa anatueleza. Mbele ilikuwa imetulia. Kwenye kilima gurudumu lilibaki chini. Tulirudi tumelowa jasho na watoto wa mtaa wakitukimbilia nyuma, wakishangilia.

Kijana amepona mdomo. Meno hayajarudi, na tukimwona akicheka na mkono mbele ya kinywa, tunakumbuka. Sasa anaendesha Jumamosi mbili kwa mwezi, na zile nyingine tunakwenda sisi. Juma lililopita alitazama mzigo, akasema: "Bamama, toeni kidumu kimoja." Tulikitoa. Hakuna aliyenung'unika.

Wapendwa, vikundi vingi kwenu vina kinga, au mtoto wenu anabebea watu mizigo kwa kinga ya kukodi. Juma hili tunawaomba kitu kimoja. Kabla ya kufunga gunia, piga magoti mbele ya gurudumu la mbele, shika furshi kwa mikono miwili, itazame shingo yake kwa mwanga. Kisha muulize anayeendesha inavyokwenda, na msikilize mpaka amalize.

Tukutane juma lijalo. Amani kwenu na kwa nyumba zenu.